Bibi wa Ubaoni

Wageni wa Mbinga walifika Kihagara na mablanketi mawili, beberu mmoja mkaidi na njaa ya safari, na Emerensiana hakuwa na cha kuwapikia ila unga wa njano. Unga ule wa msaada uliletwa na meli mwaka ule wa njaa. Kila mtu aliula na kila mtu aliukana. Sukari ilikuwa hadithi. Duka la kijiji lilikuwa na kaunta safi, mizani, na muuzaji tu. Basi Emerensiana alichemsha mchaichai, akakaanga magege wanne, samaki wa ziwani, aliowaomba kwa jirani, akamsihi Mungu awapunguzie wakwe zake nguvu ya macho.

Mungu siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine. Mzee Sixtus, mkulima wa kahawa wa milimani, aliketi ndani ya koti zito ambalo hakulivua hata kwa joto la ziwani, maana bila koti angekuwa mzee yeyote tu. Mkewe Hildegardi aliketi kando yake akikagua. Alikagua sakafu, akakagua paa, akamkagua Luisa, binti wa nyumba, aliyekuwa amepiga magoti kuwanawisha mikono. Mtoto wao Damiano, karani wa ushirika wa kahawa, aliyekuja nao, alikuwa amemwona Luisa sokoni Mbinga akiuza usipa mkavu, dagaa wa ziwani, na tangu siku hiyo nyumba yao ya milimani ilikuwa haili mboga nyingine. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki moja.

Macho ya Hildegardi yakapanda ukutani yakagoma kushuka.

"Mama Luisa," akasema, "huyu bibi yetu mmemtoa wapi?"

Ukutani paliangikwa ubao wa sanduku, upana wa sinia, na juu yake mwanamke aliyechorwa kwa rangi ya mafuta. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, ameshika rozari mkononi, na midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyeambiwa asicheke. Rangi ilikuwa imepasukapasuka shingoni. Kijiji kizima kilimjua. Hata walipohamishwa kutoka mashambani kuja kujenga nyumba kwa mistari, kitu cha kwanza kubebwa kilikuwa ubao ule, cha pili jiwe la kusagia, na Emerensiana akawa wa tatu.

Thadei, mumewe, alisubiri swali lile la ubao kwa kila mgeni. Akakohoa, akanyoosha mgongo.

"Huyo ni bibi yangu mzaa baba," akasema. "Mwanamke wa kwanza kubatizwa ufuko huu wote. Bruda mmoja Mjerumani, mtawa wa misheni, alimtazama, akasema uso kama huu usipotee bure, ndipo akachorwa. Watu wa kwetu wamezaliwa chini ya ubao huo, na waliokufa wamefia chini yake."

"Huyo ni bibi wa mume wangu," Hildegardi akasema. "Tunaye sebuleni. Kitambaa hichohicho, rozari hiyohiyo, na jicho la kushoto linalomtazama mtu kama ameiba."

Mzee Sixtus alikwisha kuinuka. Alivua kofia, akasogea ukutani, akatazama kwa muda mrefu. "Shikamoo, bibi," akauambia ubao. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa. "Baba aliniambia bibi alikuwa na watu huku ziwani. Sikuwahi kujua ni akina nani."

"Ni sisi," Thadei akasema.

Wakakumbatiana, koti zito na shati la kuungwaunga, wakapigana migongo mpaka vumbi likatoka. Pombe ya komoni ikaitishwa kwa jirani. Kila mmoja alimweleza mwenzake upole wa bibi, ukali wa bibi, namna bibi alivyowahi kumfukuza chui kwa mwiko, na ajabu ni kwamba hadithi zilifanana. Sixtus alisema amekuja kutafuta mkwe amepata ndugu. Thadei alisema damu ni nzito, haipotei njia. Walikuwa kwenye kata ya tatu Emerensiana aliposimama mlangoni na bakuli la samaki, akawatazama wote wawili kama anavyotazama mtu nyumba inayowaka huku wenyewe wakiota moto.

"Nyinyi mkishakuwa ndugu," akauliza, "hawa watoto ni nini?"

Kata ya komoni ilisimama njiani kuelekea mdomo wa Sixtus. Nje beberu alilia.

Padre Edmund alikuwa kijana, miwani yake mikubwa kuliko parokia yake, na alipenda mambo yaliyonyooka. Aliwasikiliza wazee wawili siku iliyofuata, akahesabu vizazi kwa vidole, akahesabu tena.

"Kama bibi ni mmoja," akasema, "nyinyi ni mtu na binamu yake. Watoto wenu wamo ndani ya vizazi vilivyokatazwa. Siwezi kusoma tangazo la tatu."

"Hakuna ruhusa?" Sixtus akauliza.

"Ipo. Namwandikia Askofu, Askofu anauliza maswali, mimi najibu, naye anauliza mengine. Miezi mingi."

"Hata akiruhusu," Thadei akasema, "wazee wa kwetu watakubali lini? Mtu hamwoi dada yake kwa barua ya Askofu."

Padre alivua miwani, akaifuta. "Basi kuna njia fupi. Mmoja wenu aseme kweli kwamba yule wa ubaoni si bibi yake."

Wazee walitazamana. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake, kwa adabu, kama watu wawili mlangoni. Mwishowe Sixtus alisema milimani wanajua bibi zao, hawaokoti. Thadei akajibu kwamba ubao umetoka ziwani, na anayepanda nao mlimani ndiye anayepaswa kueleza aliupataje. Undugu uliodumu usiku mmoja ukaishia pale kwenye baraza ya Padre. Sixtus aliondoka na Damiano kupanda Mbinga kuuleta ubao wake, uonekane kwa macho. Hildegardi alibaki Kihagara kwa sababu mguu ulimvimba, alivyosema mwenyewe, ingawa alilala na mablanketi yote mawili chini ya kichwa. Yalikuwa ya mahari, na hayakuwa yamekabidhiwa bado.

Thadei alirudi nyumbani akakalia kigoda. Emerensiana alimngojea apoe.

"Baba Luisa, sema tu si bibi yako."

"Wewe unaweza kusema mama yako si mama yako?"

"Kwa ajili ya Luisa ningesema hata mimi si mimi."

"Maneno ya jikoni hayo. Mimi niko halmashauri ya walei. Watu wananisikiliza kwa sababu ya bibi yule. Nikimkana, kesho nani atanisikiliza?"

"Hata leo hawakusikilizi sana," Emerensiana akasema, kisha akateremsha sauti. "Luisa hawezi harufu ya usipa."

Thadei hakuelewa. Wanaume huelezwa mara mbili. Emerensiana akamweleza kwamba msichana wa ziwani, aliyelala, akaamka na kucheza juu ya vichanja vya usipa tangu utoto, akianza kukimbilia nyuma ya nyumba kutapika kwa harufu yake, hahitaji daktari. Damiano hakuwa amengoja tangazo la tatu. Hakuwa amengoja hata la kwanza.

Thadei alishika kichwa. "Mama yangu. Basi mtoto huyo ni wa ndugu na ndugu."

"Au ni wa mume na mke. Inategemea wewe."

Alfajiri Emerensiana aliamka kuchochea moto akamkuta mumewe amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyeitwa kukariri. "Wewe," Thadei alikuwa akinong'ona, "wewe si bibi yangu." Akajaribu tena, akaishia kwenye "wewe". Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, bibi, nisamehe," akatoka nje kwa haraka. Emerensiana alikuwa amejiandaa kumkasirikia mwezi mzima. Pale pale hasira ikamwisha, akabaki na huruma, na huruma haiwezi kumwozesha binti. Akaenda kumwamsha Hildegardi.

Kila mtu wa ufuko ule alijua kwamba mbao zilizochorwa zilitoka kwa mtu mmoja, Placidi wa Mbaha, aliyefundishwa rangi na mabruda enzi za Mjerumani na sasa, kwa uzee wake, alichonga majeneza. Akina mama wale wawili walishika njia ya ufukweni, Emerensiana mbele na kikapu cha mihogo ya kuchemsha, Hildegardi nyuma na mguu ambao ghafla ulikuwa umepona.

"Mchanga huu mnatembeaje?" Hildegardi akalalamika. "Mtu anapiga hatua mbele, mchanga unamrudisha."

"Kwenu mtu akikosea hatua anaangukia shamba la jirani. Bora mchanga."

"Kwetu angalau tunakula mahindi yetu. Hatungoji meli."

"Ndiyo maana mtoto wenu alishuka kutafuta samaki."

Hildegardi alicheka kwa pua, kicheko cha mtu asiyetaka kutoa kitu bure. Walitembea hadi kijito, wakakunja nguo, wakavuka. Ng'ambo Hildegardi alikaa juu ya jiwe kupumzika.

"Unadhani mimi sioni?" akasema. "Binti yako anatema mate tangu tulipofika. Nimezaa tisa, mama. Naijua hali hiyo hata kwa mgongo."

Emerensiana alihisi uso unamwaka. Aibu ilimshika kama yeye ndiye mwenye mimba. "Mtasemaje?"

"Ningekuwa nataka kusema ningekuwa nimekwisha kusema. Yule ni mjukuu wangu. Mume wangu anagombea bibi aliyekufa, mimi nagombea mjukuu aliye hai. Inuka twende."

Kanisa la kigango cha Mbaha lilikuwa dogo, la matofali mabichi, na waliingia kuuliza alipo mzee. Hapakuwa na mtu. Ukutani palikuwa na Njia ya Msalaba, mbao kumi na nne, na Hildegardi, kwa mazoea yake, akaanza kuzikagua. Kwenye ubao wa nne alisimama.

"Mama Luisa. Bibi yetu yumo humu."

Alikuwamo. Alikuwa Bikira Maria akikutana na Mwanawe njiani. Mbele kidogo alikuwa Veronika akimfuta Yesu uso. Wanawake wa Yerusalemu walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa yeye, wamesimama wakijililia wenyewe. Emerensiana alirudi kwenye ubao wa kwanza kumtazama Pilato akinawa mikono, akatazama vizuri chini ya zile ndevu, akajikuta anafanya ishara ya msalaba ili asicheke kanisani.

Mzee Placidi walimkuta nyuma, amekaa ndani ya jeneza ambalo halijakamilika, kwa kuwa ndilo lililokuwa na kivuli. Alikuwa mkavu, macho mekundu, mikono mikubwa kupita mwili wake.

"Shikamoo, babu," wakasema pamoja, wakipiga magoti.

"Marahaba, wanangu. Jeneza au bibi?"

Walishangaa. Akawaeleza kwamba watu wazima hawamtembelei ila kwa mambo mawili hayo, na kwa kuwa hawakuwa wanalia, basi ni bibi. Emerensiana akamsimulia yote, unga wa njano, kumbatio, Padre na vidole vyake. Mimba akairuka. Placidi akaisikia hapohapo iliporukwa.

"Ana miezi mingapi?" akauliza, na walipoinamisha macho hakungoja jibu. Alitoka kwenye jeneza akakaa juu ya gogo, awe sawa nao.

"Si bibi wa mtu," akasema. "Aliitwa Mwanabibi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, aliyekuja huku na misafara ya biashara akachoka kurudi. Yeye alikuwa anauza vitumbua langoni mwa misheni. Bruda alitaka kumchora mwanamke wa huku ampeleke kwao, watu wa kwao wamwone watoe sadaka. Wanawake wetu walikimbia, wakasema rangi inanyonya damu. Mwanabibi akasema, mimi nakaa, lakini vitumbua vyangu vyote vya leo unanunua wewe. Akakaa siku nyingi. Bruda alinenepa."

"Na rozari?" Hildegardi akauliza.

"Rozari gani, mama? Ni tasbihi. Mmewahi kuona msalaba pale?"

Hawakuwahi. Miaka yote Thadei aliwaambia wageni kwamba msalaba umefichwa na kiganja. Emerensiana alikumbuka jinsi halmashauri nzima ya walei ilivyopiga magoti mbele ya ubao ule mwezi wa Rozari, akauma mdomo. Hildegardi hakuuma chochote. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Placidi akacheka naye, meno mawili, akifurahi kupata mtu wa kuchekea jambo alilolibeba peke yake tangu ujana.

"Mimi nilikuwa kijana wa karakana," akaendelea, "nikisaga rangi. Bruda alipopumzika nami nikanakili ile picha yake kwenye ubao wa sanduku. Kisha vita vikaja. Mabruda wakachukuliwa, picha yenyewe ilikwisha kwenda kwao. Nikabaki na nakala. Baada ya vita ukaja ule ugonjwa wa mafua, watu wakafa kama usipa kichanjani. Hamkuwa mmezaliwa. Mtu anazika mama yake, na baada ya matanga anagundua ameanza kumsahau sura. Wakawa wanakuja kwangu. Nichoree mama. Nawaambia, sikumwona mama yako, mimi najua kunakili uso huu tu. Wanasema, chora. Nachora. Wanatazama, wanalia, wanasema ndiye. Macho ya mfiwa, wanangu, mtayabishia?"

"Ulichora wangapi?" Emerensiana akauliza.

"Saba. Mmoja yuko Lipingo. Kwa sheria ya Padre wenu, ufuko huu hakuna wa kumwoa mwenzake."

Emerensiana aliona njia imenyooka. Mzee aje aseme vilevile mbele ya Padre, yaishe. Placidi alikubali bila kubembelezwa. Alisema hajapanda mtumbwi siku nyingi, na angependa kuziona mbao zile. Ndipo Hildegardi, ambaye kicheko kilikuwa kimemwisha, akamuuliza kwa upole wa ghafla.

"Na yeye mwenyewe, babu? Huyo Mwanabibi?"

Mzee aliokota randa, akapuliza vumbi la mbao. "Nilitaka kumwoa. Wa kwangu wakasema abatizwe kwanza. Baba yake akasema nisilimu kwanza. Yeye akasema anayetaka na aje, mambo ya maji tutayajua baadaye. Nilikuwa mwoga. Akaolewa Songea." Akaanza kupiga randa.

Sebule ya Padre ilikuwa na meza moja ndefu, na juu yake mbao mbili zililala sambamba. Ule wa Mzee Sixtus ulikuwa umeiva kwa moshi wa milimani, ule wa Thadei umepauka kwa upepo wa ziwa. Mwanamke alikuwa mmoja. Wazee wawili walikaa ncha mbili za meza bila kutazamana. Damiano alisimama dirishani. Luisa alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, amejifunika kanga mpaka kidevuni kwenye joto lile. Kama jambo lisingeisha siku ile, kanga isingeficha kitu mwezi ujao, na Kihagara nzima ingekuwa na la kusema kisimani.

Padre alimkaribisha Mzee Placidi, akamwomba aseme ukweli kama mbele ya Mungu.

Mzee aliinamia meza akatazama ubao mmoja, kisha mwingine, kisha akanyoosha kidole kikubwa akagusa shavu, pole pole, kama mtu anayejaribu maji ya kumwogeshea mtoto. Emerensiana alikuwa amekwisha kuyapanga maneno ya mzee kichwani: Mwanabibi, vitumbua, tasbihi. Alikuwa tayari kumkumbusha akisahau.

"Kabla hujasema," Thadei akakatiza, na sauti yake haikuwa ya halmashauri. "Mzee, mimi mama alikufa nikiwa mdogo. Baba aliniambia, ukimkosa mama, msalimie bibi yako ukutani. Mpaka leo kila asubuhi namsalimia. Sema unalotaka kusema. Nilitaka tu ujue."

Mzee Sixtus alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha koti. "Sisi ugonjwa ulivamia kahawa," akasema, haijulikani anamwambia nani. "Mwaka huo nilikaa usiku mbele ya bibi. Nilimwambia yeye mambo ambayo huyu mke wangu hayajui."

Placidi aliwatazama wale wazee, mvi zao, mikono yao ya jembe, wakimngoja kama watoto wanaongoja kuambiwa kama mama yao atarudi. Akajikuna shingo.

"Hawa ni watu wawili," akasema.

Padre aliinua kichwa. "Wawili?"

"Wawili. Huyu wa ziwani nilimjua, alikuwa mwembamba, mpenda watu. Huyu wa milimani alikuwa mnene kidogo, mkali, mchapakazi. Hawakuwahi hata kuonana."

"Mzee, lakini uso ni mmoja."

"Uso ni mmoja kwa sababu mimi ni fundi mbovu, Padre. Nilijifunza kuchora uso mmoja, mwingine ukanishinda. Nenda Mbaha ukaone Njia ya Msalaba. Maria huyohuyo, Veronika huyohuyo. Hata Pilato ni huyohuyo, nimemtia ndevu. Mtu akija kuchorewa mama yake nilikuwa naomba tu awe na macho mawili."

Emerensiana alivuta pumzi aseme. Hildegardi alimkanyaga mguu, tena kwa ule mguu wa kuvimba, akauacha palepale.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Sixtus. Kicheko kilianza ndani ya koti, kikapanda. Thadei akafuata, akicheka na kujifuta macho. Walimcheka mzee mbele ya uso wake. Sixtus alisema na yeye alisikia tangu awali kwamba bibi yake hakuwa na shingo ndefu vile, Thadei akasema fundi wa namna hii alistahili kupewa majeneza tu, maana maiti hailalamiki. Placidi alicheka pamoja nao. Alisema kweli, hata majeneza yake watu hulala kiubavu. Padre aliondoa miwani, akasema basi hakuna kizuizi, tangazo la tatu litasomwa Jumapili. Luisa aliangusha kanga kutoka kidevuni. Damiano alitazama nje ya dirisha kwa nguvu sana, mabega yakimchezacheza.

Emerensiana hakuweza kucheka. Alikuwa amepata kila alichokuja kukitafuta, na moyo ulimuuma kana kwamba kuna mtu ameibiwa mbele yake naye akanyamaza.

Alimsindikiza mzee mpaka kwenye mtumbwi, na kikapu cha mihogo na magege wawili waliokaangwa kwa mafuta ya Padre. Nyuma yao wazee walikuwa wanatoka na mbao zao kwapani, kila mmoja anamweleza mwenzake jinsi bibi yake alivyokuwa tofauti na yule mwingine. Mpiga kasia alikuwa anakumba maji mtumbwini kwa kipande cha kibuyu.

"Babu," Emerensiana akasema, "hukupaswa kujitukana vile. Ungesema tu kweli."

"Niwaambie nini wale? Umewaona." Mzee alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi, akapumua. "Halafu si uongo wote. Unadhani yule ni Mwanabibi? Bruda ndiye aliyemchora Mwanabibi, akaenda naye. Mimi nilikuwa nanakili nakala yangu. Kila aliyekuja kuniomba mama yake, nilikubali haraka, nikisema safari hii nitampata. Nikimaliza naona ni mwanamke mwingine amevaa kitambaa chake. Saba, mama. Wakachukuliwa wote saba, hata ile nakala ya kwanza, na kila nyumba ikapata bibi."

Emerensiana alitaka kumwambia chukua wa kwetu, lakini juu kule njiani Thadei alikuwa amekwisha kuufunika ubao kwa shati lake, jua lisiuchome.

"Mimi sikujiwekea hata mmoja," mzee akasema. "Nilidhani nitamkumbuka." Akaingiza miguu yake ndani, mmoja baada ya mwingine, akakaa akitazama mbele kwenye maji. Emerensiana akashika mtumbwi kwa mikono miwili, akausukuma mpaka maji yakamfika kiunoni na nguo zake zote zikalowa.